Neno Zuri la Jeconia Oundo

Katika banda la kupanga katani mtu hasikii hata jina lake likiitwa. Mashine za brashi zinanguruma tangu saa moja asubuhi, vumbi jeupe linaelea hewani, na wanawake waliojifunga leso puani wanasimama kila mmoja kwenye meza yake, wakichambua singa za mkonge kwa urefu, kwa rangi na kwa usafi. Ndefu na nyeupe ni daraja la kwanza. Zenye madoa zinashuka. Fupi zinashuka zaidi. Kisha kila fungu linapelekwa mbele kwa msimamizi, naye analitazama mara moja tu. Likiwa sawa, linaingia kwenye mashine ya kufunga marobota, linateremka Mombasa, na aliyelichambua hapati tena habari zake. Likiwa na kosa, linarushwa nyuma na kutua juu ya meza yako, pu! Hakuna maelezo. Kosa ulitafute mwenyewe.

Hiyo ndiyo shule aliyosoma Jeconia Oundo. Alitoka kwao Samia, magharibi mwa Kenya, mwaka wa themanini na moja, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, akamfuata mjomba wake aliyekuwa kibarua wa reli Voi, na mjomba akampeleka kwenye shamba moja la mkonge upande wa Mwatate. Mwezi wa kwanza mafungu yalimrudia mpaka akaota yanamrudia. Kufikia mwezi wa sita yalikuwa yanarudi mawili kwa wiki. Mwaka wa tatu hayakurudi tena. Hakuna aliyemwambia kwamba sasa anaijua kazi. Alilijua hilo kwa sababu meza yake ilikuwa kimya.

Alipofanywa msimamizi hakubadilisha kitu. Kwa nini abadilishe? Jicho lake lilikuwa limesifika hadi kwa wanunuzi, waliosema kwamba robota lililopitia kwa Oundo halina haja ya kufunguliwa kukaguliwa. Hayo waliyasema mbele ya meneja, si mbele yake.

Ubaya ni kwamba aliichukua shule ile akaipeleka nyumbani.

Mkewe, Kavetsa, alikuwa Mmaragoli mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi wa kupika. Chakula kikiwa kizuri, Jeconia alikula akanyanyuka. Chumvi ikizidi, aliisukuma sahani kwa vidole viwili, inchi tatu hivi kuelekea katikati ya meza, bila neno. Kavetsa alimzoea. "Wewe ukifika mbinguni," alikuwa akimwambia, "utamrudishia Mungu sahani yake." Majirani walicheka, na Jeconia naye alicheka kidogo, kwa pua.

Lakini walikuwa na mtoto mmoja tu aliyeishi, msichana, Ajiambo, na mtoto hazoei kama mke anavyozoea. Ajiambo alileta madaftari, babake akaweka kidole kwenye hesabu iliyokosewa. Alifagia ua, babake akaonyesha kwa kidevu pembe iliyosahaulika. Hakuna siku alipigwa, na hilo Jeconia alijivunia, maana yeye mwenyewe alikua kwa viboko.

Alipofika miaka kumi na tisa, karo ya chuo ikakosekana, Ajiambo akaingia bandani. Siku ya kwanza babake alimrudishia fungu lake mara kumi na moja. Mara kumi na moja lilitua mezani, pu!, na mara kumi na moja msichana alilifungua, akatafuta, akalifunga upya. Mara ya kumi na mbili alilileta mwenyewe mikononi, vumbi limemjaa kwenye kope, akasimama. Jeconia alilitazama. Lilikuwa fungu safi kuliko yote yaliyopita mbele yake wiki ile. Alilipitisha. Msichana akaendelea kusimama pale muda wa pumzi mbili au tatu, akimtazama usoni. Jeconia akageukia meza nyingine.

Hakuna aliyeona kwamba wakati ule moyo wake uliruka. Uliruka kweli. Aliumeza ule mruko kama mtu anayemeza kikohozi kanisani.

Miaka ikaenda. Kavetsa alifariki kwa sukari. Jeconia alistaafu, akapanga nyumba ya vyumba viwili Mwakingali, hapo Voi mjini. Ajiambo alibaki shambani na akapanda kidogo kidogo, mpaka akapewa kazi ya kuwafundisha wachambuzi wapya. Alikuja kumwona babake kila mwisho wa mwezi, analeta sukari, sabuni na majani ya chai, anakaa saa moja, anaondoka. Walizungumza juu ya mvua na juu ya ndovu waliovunja ua wa fulani. Hakukuwa na ugomvi kati yao, na pengine ugomvi ungewasaidia.

Ugonjwa ulipoingia haukugunduliwa kwa karibu miaka miwili, na sababu yake inachekesha na kuuma kwa pamoja. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilianza kusuguana na kidole cha shahada, polepole, bila kukoma, hata akiwa amekaa tu. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi ya katani aliitazama ile ishara na kuielewa: hivyo ndivyo mchambuzi anavyopima singa. "Mzee bado yuko kazini," walisema. Jeconia mwenyewe alisema hivyo hivyo. Kisha uso wake ukaanza kuganda, nyusi zikaacha kupanda, mdomo ukaacha kucheza. Kwa mtu mwingine watu wangeshtuka. Kwa Jeconia Oundo, nani angejua? Uso huo alikuwa nao tangu zamani.

Aliyeshtuka ni Wayua, jirani yake, Mkamba anayeuza mboga sokoni, mjane kama yeye. Siku moja alimwona akijaribu kuvuka kizingiti cha mlango wake mwenyewe. Miguu ilikuwa imenata sakafuni kama iliyopigiwa misumari.

"Baba Ajiambo, unangoja nani akusukume?"

"Inakataa," alisema Jeconia, kwa sauti ndogo mno.

Wayua akampigia Ajiambo simu siku hiyo hiyo.

Kuna daktari wa mishipa ya fahamu aliyekuwa akija kliniki moja ya mjini mara moja kwa mwezi, mwanamke Mtaita wa makamo aitwaye Lynn Wakesho. Alimtembeza Jeconia, akamkunja mikono, akamwambia aandike jina lake, nalo likaanza kubwa likaisha dogo kama sisimizi. Kisha akatoa vidonge na maelezo. Mwezi uliofuata alimwita tena, safari hii kabla hajameza kidonge cha asubuhi, na akaleta kadi.

Kadi zilikuwa na michoro isiyo na maana: mistari, miduara, kitu kama msumari uliopinda. Daktari aliweka mbili mbili mezani. Jeconia anachagua moja, daktari anasema "Sawa" au "Siyo." Katika kila jozi, moja ilikuwa sawa mara nyingi, si mara zote, kwa hiyo huwezi kukariri. Lazima uonje. Walicheza nusu saa. Baadaye alimeza kidonge, wakanywa chai, wakangoja, na wakacheza tena kwa kadi nyingine. Ajiambo alikuwa amekaa pembeni na mkoba magotini, akitazama.

"Mzee, asubuhi kabla ya dawa, unajua umejifunza nini?" daktari aliuliza. "Umejifunza kuikimbia kadi mbaya. Hukosei hata kidogo. Lakini kadi nzuri huikumbuki. Baada ya dawa, kinyume. Kadi nzuri unaidaka, kadi mbaya umeisahau."

"Ni mimi yule yule?"

"Ni wewe yule yule." Akachora kichwa cha mtu kwenye karatasi, na ndani yake kabisa, chini ya mikunjo yote, akachora viini viwili vilivyojikunja kama korosho. "Hapa ndipo ubongo unapojifunza kutokana na matokeo. Kila ukifanya jambo, hapa ndani pana kitu kinakisia: nitapata kiasi hiki. Ukipata zaidi ya ulivyokisia, dopamini, ile kemikali ya ubongo, inapanda ghafla, na njia uliyoifuata inakanyagwa. Kesho utaifuata tena. Ukipata pungufu, inashuka, na njia ile inaota nyasi."

"Na nikipata kile kile nilichokisia?"

"Basi hapana cha kujifunza. Panakuwa kimya."

Jeconia aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Alifikiria meza yake ya zamani.

"Ugonjwa wako," daktari aliendelea, "unaua seli zinazotengeneza hiyo dopamini. Ikiwa chini wakati wote, makosa unayasikia vizuri sana, lakini ile furaha ya kupatia haifiki. Kidonge kinaijaza. Sasa furaha inafika, ila makosa yanafunikwa. Si kila mgonjwa yuko hivi wazi wazi. Wewe umekuwa kama mfano wa kitabuni."

"Kwa hiyo nikimeza ni mtu mmoja, nisipomeza ni mwingine," Jeconia alisema. "Yupi ni mimi, daktari?"

Daktari Lynn alitabasamu. "Mzee, kabla hujaugua ulikuwa na dopamini yako mwenyewe, ya kutosha. Sisi tunakurudishia tu. Na usije ukaiacha ghafla, unasikia? Utaganda."

Ajiambo aliyasikia yote, na hasa maneno mawili. Ya kutosha.

Wiki zilizofuata Mwakingali nzima ilijua kwamba kuna jambo limempata Mzee Oundo. Alianza kusifu. Vidonge vilikuwa vitatu kwa siku, asubuhi, saa tisa na jioni, na takriban dakika arobaini baada ya kila kimoja, uso ulilegea, sauti ikarudi, na maneno mazuri yakaanza kutoka kama maji ya bomba lililokuwa limefungwa na kutu.

"Wayua, hii sukumawiki ni tamu. Watu wa Ronge wanajua kulima."

"Ni ya Bura."

"Basi Bura wanajua kulima."

"Kwani umeokoka?" Wayua alimuuliza, mikono kiunoni. "Niambie mapema, nikatafute kiti kanisani kabla watu hawajajaa."

Alimsifu fundi aliyezibua choo. Alimsifu mbwa wa Wayua kwa kubweka. Na halikuwa jambo la uongo, hilo ndilo watu hawakulielewa. Kila alipoona kitu kimefanywa vizuri, alisikia ule mruko kifuani, wa zamani, aliokuwa ameumeza miaka yote, na sasa hakuwa na nguvu za kuumeza. Usiku alikaa kitandani akihesabu watu ambao angeweza kuwaambia. Wengi walikuwa wamekufa. Kavetsa aliongoza orodha hiyo. Mboga zake zilikuwa nzuri kwa miaka ishirini na minane, na hakuna hata siku moja aliyoambiwa.

Ajiambo alikuwa hai.

Alhamisi moja alikuja bila kutarajiwa, saa kumi jioni. Alikuwa amevaa vizuri, na mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwenye kanga. Aliketi, akaeleza habari zake kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo: amepata kazi Korogwe, Tanzania, shamba kubwa la mkonge, kufundisha wachambuzi, mkataba wa miaka miwili. Gari la kazini lingempitia Jumamosi asubuhi hadi mpakani Taveta.

"Jumamosi hii?"

"Hii." Akafungua kanga. Ndani yake mlikuwa na fungu la katani, limefungwa kifundo juu, limechanwa, jeupe kama maziwa yenye malai. "Nimechambua mwenyewe. Nataka niende nalo, niwaonyeshe kule wajue kazi yangu. Nimeleta uliangalie."

Jeconia alilipokea magotini. Alipitisha vidole, kutoka kwenye kifundo hadi mwisho, na ule mruko ukaja, mkubwa kuliko wa sukumawiki, mkubwa kuliko wote.

"Nzuri," alisema. "Ajiambo, mama, hii ni kazi nzuri sana. Mikono yako imepita yangu."

Alitarajia nini? Pengine machozi. Ajiambo alitazama saa ya ukutani.

"Umemeza saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo nini?"

"Baba, ni dawa inasema." Alisema bila hasira, na hapo ndipo palipouma. "Juzi umemsifu fundi wa choo. Umemsifu mbwa. Mimi sitaki kupanga foleni nyuma ya mbwa."

"Si dawa. Daktari alisema inarudisha tu kile nilichokuwa nacho."

"Nilimsikia. Alisema ulikuwa nayo ya kutosha. Ulipokuwa mzima ulikuwa nayo yote humo kichwani, Baba, na mimi hukunigawia hata punje." Akaanza kulifunga fungu lake kwenye kanga. "Wacha tu. Sikuja kugombana."

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Angeweza kumwambia juu ya siku ile ya fungu la kumi na mbili: kwamba alifurahi, kwamba aliumeza ule mruko, kwamba aligeuka kwa sababu hakujua uso wake ufanye nini. Dawa ilikuwa imempa sauti, na jua lilikuwa bado juu. Lakini Jeconia alikuwa msimamizi miaka mingi mno. Alisikia kwamba neno lake limerudishwa, na alipatwa na kile kinachompata kila mchambuzi aliyerudishiwa fungu. Alitaka kulileta upya, safi, lisiloweza kukataliwa.

"Lilete tena Jumamosi kabla hujaondoka," alisema. "Nitaliangalia vizuri."

"Kwani sasa umeliangaliaje?"

"Lilete."

Ajiambo alimtazama, akainua mabega. "Sawa, Baba."

Ijumaa saa tisa alikirudisha kidonge ndani ya chupa. Jioni vilevile. Mawazo yake yalikuwa rahisi. Ikiwa neno la mtu aliyemeza dawa halina uzito, basi atampa neno la mtu ambaye hakumeza. Yule mtu wa asubuhi, anayeona kosa na kosa tu, yule ndiye Ajiambo aliyemjua maisha yake yote. Yule akisema nzuri, ataamini. Wayua alipopitia kumuuliza kama amemeza, alisema amemeza. Hakuwa na mazoea ya kusema uongo, na ulimtoka vizuri mno.

Usiku hakuweza kugeuka kitandani. Asubuhi alifanikiwa kukaa kwenye ukingo wa kitanda, na hapo ndipo Wayua alimkuta saa mbili, amevaa shati mkono mmoja.

"Yesu. Umekuwa gogo."

Jeconia alitikisa kichwa, kidogo.

"Dawa iko wapi?"

"Ngoja," alisema. Ilimchukua muda kulitoa. "Ngoja... Ajiambo."

Wayua alimbeba nusu, akamvuta nusu, akamweka kwenye kiti karibu na meza. Alimfunga vifungo vya shati huku akimtukana kwa Kikamba. Alidhani mzee anataka kumeza dawa mbele ya bintiye, kama watoto wanavyotaka kulishwa na mama yao, na kwa hilo alijilaumu baadaye.

Ajiambo alifika saa nne kasoro dakika chache. Pikapu ilibaki barabarani, injini ikiunguruma. Aliingia kwa haraka, akamwamkia babake, akaliweka fungu mezani mbele yake, akafungua kanga. Hakumtazama sana usoni. Uso ule aliujua.

Jeconia alitazama.

Aliziona mara moja. Singa tatu fupi, zimejificha upande wa ndani karibu na kifundo. Na chini yake, ganda la kijani, dogo kuliko ukucha wa mtoto. Alhamisi hazikuwepo. Yaani zilikuwepo, lakini alizipita bila kuziona. Sasa hakuweza kuona kitu kingine. Alijua kwamba zile nyingine zote, mamia kwa mamia, ni ndefu na safi na zimelala kama nywele za malaika. Alilijua hilo kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika. Alingoja ule mruko. Aliusubiri kwa roho yake yote. Kifuani palikuwa tupu kama banda siku ya Jumapili.

Sema nzuri, alijiambia. Sema tu. Mdomo ulikuwa mzito, na kutoa neno moja kulikuwa kama kusukuma kabati. Alipata nguvu ya neno moja, pengine mawili. Alifungua kinywa.

"Fupi," alisema.

Ajiambo aliinama. "Nini, Baba?"

"Tatu... fupi. Na ganda."

Alilifungua fungu palepale, akapitisha vidole vyake ndani. Akazipata. Tatu. Akapata na lile ganda. Alizivuta moja moja, akazilaza mezani, akazitazama, na akacheka, kicheko kidogo chenye mshangao wa kweli.

"Jicho lako, Baba," alisema. "Hakuna mtu mwingine Kenya hii angeziona hizi. Nimelirudia mara nne."

Ilikuwa sifa. Alimpa babake bila kufikiri, kwa wepesi, kama mtu anayempa mwenzake maji. Jeconia aliisikia ikipita juu yake na haikutua popote.

Ndipo Ajiambo alipoona mguu. Mguu wa kushoto wa babake ulikuwa umejipinda chini ya kiti, vidole vimekunjamana ndani ya kiatu. Aliona na ute kwenye pembe ya mdomo.

"Wayua! Amemeza lini huyu?"

"Jana jioni amesema amemeza."

Ajiambo alichukua chupa dirishani, akamimina vidonge kiganjani, akavihesabu. "Hajameza tangu jana asubuhi. Baba! Kwa nini?"

Jeconia alimtazama. Jibu lilikuwa ndani yake, zima kabisa. "Uamini," alisema.

Sijui kama Ajiambo alilisikia. Alikuwa tayari amemshika kidevu, anamwekea kidonge ulimini, anamnywesha maji kidogo kidogo na mengine yakimwagikia shati. Nje pikapu ilipiga honi.

Akachuchumaa mbele ya kiti, uso wake usawa na wa babake. "Baba, ulitaka kuniambia kitu? Niambie. Niko hapa."

Alingoja. Alingoja muda mrefu kuliko siku ile ya bandani, mrefu zaidi ya mara kumi. Honi ikalia tena, na dereva akaita kwamba mpakani wana miadi na watu wa Korogwe. Midomo ya Jeconia ilisogea. Haikutoka sauti.

"Sawa," alisema Ajiambo. Akalifunga fungu lake, bila zile tatu, akambusu babake kwenye paji la uso, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya mamake, akatoka nje.

Dakika arobaini na tano ni muda mfupi. Mtu anaweza kuchemsha maharagwe na yasiive. Wayua alikaa naye, akimfuta maji shatini. Kisha bega la Jeconia lililegea, shingo ikalegea, na akavuta pumzi ndefu. Alitazama singa tatu juu ya meza. Akafikiria zile nyingine zilizokwenda, na mruko ukaja, kwa nguvu zake zote, umechelewa.

"Nipigie," alimwambia Wayua.

Simu ililia mara nyingi. Ilipopokelewa palikuwa na upepo na kelele za gari. Walikuwa wameshapita Bura.

"Ajiambo. Lile fungu ni zuri. Nasema fungu lote. Zile tatu si kitu. Na hata zamani, siku zile bandani, yalikuwa mazuri. Niliona. Niliona kila siku nikanyamaza."

Upande wa pili ulisikika upepo. Upepo tu.

"Ajiambo?"

"Sasa ni saa ngapi, Baba?"

Jeconia alitazama saa ya ukutani. Alijua anachohesabu mwanawe, na hakutaka kumdanganya tena.

"Ni saa tano kasorobo."

Jeconia alimsikia akipumua.

"Nimesikia, Baba," alisema. "Usisahau ya saa tisa."

Simu ikakatika, au aliikata. Wayua, ambaye alikuwa amesogea karibu apate kusikia, aliuliza, "Amesemaje?"

"Amesema amesikia."

"Si hiyo ni nzuri?"

Jeconia aliuliza namba za simu za Tanzania zinaanzaje. Wayua hakujua. Akasema ataulizia sokoni, kuna Mpare wa Tanzania anayeuza vitunguu, yeye atajua. Jeconia akamwambia aende sasa hivi, kabla yule Mpare hajafunga kibanda, na Wayua, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alikwenda bila mzaha.